Mifuko Niliyoigongea Muhuri: Safari ya Kirolirwe, Burungu na Mubi

Niliondoka Goma kwenda kuwaomba watu watie sahihi uongo. Ninaliandika hili mwanzoni kabisa ili msomaji wa nyumbani asije akanionea huruma njiani, maana barabara ilikuwa mbaya na mvua ilitunyeshea, na msafiri aliyelowa hupata huruma hata asipoistahili.

Wakati ule nilikuwa sekretere wa chama cha watengenezaji wa provande. Ndivyo tunavyokiita kwetu chakula cha mifugo kilichosagwa: mahindi, soya, pumba za ngano, unga wa samaki wa ziwani. Wanachama wetu walikuwa wenye mashine za kusaga, wengi wao wafanyabiashara waliotoka Butembo kama mimi. Tulikiunda chama kwa sababu vita vilileta ovyo sokoni. Mtu alichanganya vumbi la mbao na pumba, akashona mfuko, akaupeleka Masisi, na mfugaji aliyepoteza ndama hakuwa na pa kulalamika. Tukakubaliana kwamba kila shehena ikaguliwe kabla ya kupakiwa, na mifuko iliyo mizuri igongwe kashe ya chama, muhuri wa duara wenye kichwa cha ng'ombe katikati. Kashe hiyo niliitunza mimi.

Wafugaji waliiamini. Zamani ng'ombe wa Masisi hawakuhitaji provande. Walikuwa na milima yao. Lakini malisho ya juu yalipoingia mikononi mwa watu wa bunduki, familia zilibaki na ng'ombe wawili watatu waliofungwa karibu na nyumba, wakilishwa kwa mfuko. Mfuko wenye kichwa cha ng'ombe ukawa ndio mlima wao.

Katika majira ya mvua, depo, yaani ghala, ya mwenyekiti wetu, Papa Kambale, ilivuja na mahindi yake yakalowa. Yalianikwa siku moja, yakasagwa, yakashonewa mifukoni. Aliniita niende na kashe. Niliona alama za maji ukutani. Nilisikia harufu. Sikufungua hata mfuko mmoja. Niligonga muhuri mfuko baada ya mfuko mpaka bega likaniuma, nikaenda nyumbani kula.

Baada ya wiki chache habari zilianza kufika: ng'ombe wamekufa Kirolirwe na Burungu, kuku wamekufa Mubi, kule Walikale. Shirika moja la misaada lililokuwa likinunua provande kwa wanachama wetu liliomba maelezo. Papa Kambale aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Kakule, utapanda kule," alisema. "Uwaambie iko magonjwa mupya ya tumbo, inaambukiza. Bantu batie sahihi, kiisha tupeleke papie kwa shirika."

"Na kama ni mahindi, Papa?"

"Chama iko kwa kulinda memba wake. Mimi nikianguka, wote munaanguka."

Niliyaandika maneno yake, yakapigwa chapa kwenye papie tatu, karatasi zilizosubiri majina tu. Nilizitia katika mfuko wa plastiki zisilowe.

Siku ya kwanza, asubuhi, nilipanda gari la chumvi na sabuni lililokuwa likienda Kitchanga. Dereva aliitwa Muhindo, mtu wa kwetu, mwenye maneno machache. Mpaka Sake barabara ni mawe meusi ya volkano. Baada ya Sake inaanza kupanda, na kila kona inakuonyesha mlima mwingine wa kijani. Milima ile ilikuwa mitupu. Mtu aliyeijua zamani angetafuta kwa macho yale madoa mekundu na meusi ya ng'ombe, asiyapate. Kwenye kila barie, kizuizi cha barabarani, walisimama watu wa sare tofauti, na kila mara nilitoa barua yangu ya safari yenye kashe. Waliitazama ile duara, wakainua mti, wakaniambia pita, Papa Sekretere.

Saa nane mchana tulifika Kirolirwe. Nilishuka kwa Papa Sebagenzi, mfugaji wa makamo aliyekuwa ananunua provande kwetu tangu mwanzo. Mke wake, Mama Uwimana, alikuwa anauza maziwa kando ya barabara kabla ya msiba. Walikuwa na ng'ombe wanne waliosalia katika kundi kubwa la baba yake. Sasa walikuwa na wawili, Gaju na Bihogo, wamefungwa nyuma ya nyumba. Gaju alikuwa mwekundu, ubavu wake ukionekana kidogo, lakini macho yake yalikuwa mazuri. Bihogo alikuwa anacheua.

Walinipa kiti chenye mgongo, na Mama Uwimana akaniletea mashanza, maziwa yaliyoganda, katika kikombe cha bati kilichojaa mpaka juu. Nilijua kwamba watoto wa nyumba ile hawakuwa wamekunywa. Nilikunywa.

Papa Sebagenzi alinieleza jinsi ng'ombe walivyokufa. Kwanza walikataa kula, kiisha maziwa yakakauka, kiisha wakalala wasiinuke. Alieleza taratibu, bila kumlaumu mtu. Kisha akaniuliza: "Papa Sekretere, mimi nimezaliwa katika ngombe. Sijaona magonjwa ya vile. Muliona nini kule Goma?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Alinifungulia mlango mwenyewe, akausukuma mpaka ukutani.

"Ni ugonjwa mpya," nilisema. "Wa tumbo. Unaambukiza."

"Kwa maji?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Inawezekana kwa maji," nikasema.

Aliwatazama ng'ombe wake. Bondeni chini ya nyumba kulikuwa na kijito ambako majirani wote walinywesha. "Mimi nilizani iko chakula," alisema mwishowe. "Nilinusa mufuko, nikasikia kama imeoza. Lakini niliona kashe, nikasema, hapana, iko pua yangu inazeeka." Akacheka kidogo, akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, akaupuliza wino ukauke.

Siku ya pili nilifika Burungu kwa miguu na kwa pikipiki. Huko nilimtafuta Mama Furaha, mjane aliyekuwa anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa na nguruwe wachache. Ng'ombe alikuwa amekufa, na nguruwe wote walikuwa wamekufa. Nilianza maneno yangu ya ugonjwa mpya. Aliingia ndani, akatoka akiburuta mfuko uliobaki nusu, akauweka miguuni pangu, kichwa cha ng'ombe kikinitazama.

"Tia mukono," alisema.

Nilitia mkono. Juu palikuwa pakavu. Chini kidogo unga ulikuwa umeshikana mabonge, na nilipolivunja bonge moja lilitoka vumbi la kijani lililonikaba koo.

"Sasa nipe ile papie nione," alisema Mama Furaha. Nilimpa. Aliisoma yote, midomo ikimchezacheza. "Hii imeandikwa muzuri. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Batoto yako iko wangapi?"

"Wanne."

"Basi uwapelekee salamu," akasema, akanirudishia karatasi ikiwa tupu. Hakunitukana. Aliniacha pale na mfuko wake, akaenda shambani, na mimi nikabaki nimesimama katika ua wa mtu, mkono wangu ukiwa wa kijani mpaka kwenye kiwiko. Nikautafuta mtungi wa maji wa kunawa, nikaona aibu kutumia maji yake, nikajifuta kwa majani.

Tangu saa ile sikuwa tena na ile nusu ya shaka ya kujifichia. Nilijua.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, gari la Muhindo lilinichukua likirudi Goma. Mvua ilikuwa imeanza. Tulipokaribia Kirolirwe nilianza kujiambia kwamba nitasimama. Nitashuka, nitaingia kwa Papa Sebagenzi, nitamwambia mfuko ule umwage, ng'ombe wako hawana kitu. Maneno niliyapanga vizuri. Kisha nikakumbuka kikombe cha bati. Nikawaza jinsi atakavyonitazama, na mkewe nyuma yake.

Juu ya kijiji, mahali njia ya ng'ombe inapoachana na barabara, nilimwona. Alikuwa anapanda mlima katika mvua, fimbo begani, akiwasukuma Gaju na Bihogo mbele yake. Alilitambua gari, akasimama, akaniinulia mkono.

"Iko rafiki yako," alisema Muhindo, akipunguza mwendo. "Tunasimama?"

"Hapana," nilisema. "Twende, mvua itaharibu barabara."

Nikainama nikatazama magoti yangu mpaka tulipopita kona.

Siku ya tano nilipanda ndege kwenda Walikale. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini niliendelea, na mimi nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilikuwa na papie mbili tupu na sikuwa na ujasiri wa kuingia ofisini nazo. Kwenda mbele kulikuwa rahisi kuliko kurudi. Ndege zile ndogo hutua Kilambo, juu ya lami yenyewe, katikati ya msitu. Magari husimamishwa pande zote mbili, ndege ikashuka barabarani kama lori lililokosea, watu wakashusha bia na mchele na kupakia magunia ya mawe ya madini. Kutoka hapo nilichukua pikipiki mpaka Mubi. Baada ya baridi ya Masisi, joto la msitu lilinishika kama kitambaa kilicholowa. Mubi ni barabara moja ndefu ya maduka, pikipiki na malori yaliyojaa tope, na kila mtu anauza kitu kwa watu wanaokwenda machimboni au wanaotoka huko.

Mama Masika alikuwa mwanachama wetu, mama wa Butembo, mwenye duka la chumvi, mabati na provande. Nyuma ya duka alikuwa na banda la kuku wa mayai, maana mayai yana soko kubwa Mubi. Nilikuta banda limefagiliwa, milango iko wazi, hakuna hata unyoya.

Alinikaribisha kwa lugha ya kwetu, akanipa fufu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake. Nilipokuwa ninakula, aliketi mbele yangu, akaendelea kwa Kiswahili ili kijana wake wa kike aliyekuwa kwenye meza ya duka asikie pia.

"Kuku wangu banakufa siku tatu tu. Nikafungua mifuko yote ya depo, nikaona. Nikaita bale wote balinunua kwangu, nikawaambia: murudishe, iko sumu, na mimi njo niliwauzia. Tulichoma pale kando ya barabara. Bengine hawanunue tena kwangu mpaka leo."

"Ungetuandikia kwanza, Mama," nilisema. "Chama kingetafuta njia."

"Njia gani, Kakule? Toa ile papie."

Sikuwa nimeitaja. "Papie gani?"

"Sekretere hatoki Goma mikono mitupu."

Niliitoa. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka kando ya sahani yangu. "Wakati tuliunda hii chama, mimi nilikuwa mule," alisema. "Muntu wa Masisi hawezi kuona mashini ya Goma. Hawezi kuingia depo. Tulisema: chama itakuwa jicho yake. Hatukusema itakuwa kitambaa ya kumufunga macho." Kisha akauliza: "Kule Masisi, bametia sahihi?"

"Mmoja."

"Uliwaambia magonjwa inaambukiza?"

"Ndiyo."

"Sasa ule muntu akiamini, atafanya nini na ngombe yenye imebaki?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nililirudisha katika sahani. Sikuhitaji kuambiwa jibu, kwa sababu nilikuwa nimemwona Papa Sebagenzi kwa macho yangu akiwapandisha Gaju na Bihogo. Alikuwa anawaondoa kwenye kijito cha majirani. Alikuwa anawapeleka juu, kwenye malisho ambayo kila mtu wa Kirolirwe aliyakimbia, ili wasimwambukizie mtu ugonjwa ambao haukuwapo.

"Rudi," alisema Mama Masika. "Usilale hapa kwangu. Rudi."

Lakini mawingu yalikaa juu ya Kilambo siku mbili, na ndege haikushuka. Nilikaa kando ya lami kuanzia alfajiri, nikitazama mbingu. Wachuuzi waliniuliza mara kwa mara nina mzigo gani wa haraka hivyo.

Nilipotua Goma sikupita ofisini. Nilichukua pikipiki moja kwa moja mpaka Kirolirwe, na nilifika jua likiwa bado juu. Nyuma ya nyumba kamba mbili zilikuwa zimening'inia kwenye nguzo. Mama Uwimana alitoka, akanisalimia, akaniwekea kiti kilekile chenye mgongo, kisha akasema hana cha kunipa, nimsamehe.

Papa Sebagenzi alikuwa amelala kitandani, mkono wa kuume umefungwa kwa vijiti na kitambaa. Alisimulia kama alivyosimulia mara ya kwanza, taratibu. Usiku wa kwanza na wa pili juu mlimani hakuna aliyemsumbua. Asubuhi ya tatu walikuja watu wa bunduki, wakachukua Gaju na Bihogo. Aliposhika kamba ya Gaju, mmoja wao alimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka mfupa ukasikika.

"Lakini, Papa Sekretere," alisema, "ya majirani hakuna hata moja imekufa. Ule magonjwa haikushuka. Minakushukuru ulituambia mapema."

Mama Uwimana alitikisa kichwa kukubali. Ndicho kitu pekee walichobaki nacho: kwamba walipoteza vyao ili wengine wasipoteze. Na mimi nilikuja kukichukua hicho pia.

Niliwaambia. Nilianza na mvua katika depo, nikaenda mpaka kwenye mfuko wa Mama Furaha. Nilisema hakukuwa na ugonjwa. Kwamba pua yake haikuzeeka. Sikulia, na ninashukuru kwamba sikulia, maana wangelazimika kunibembeleza.

Mama Uwimana aliondoka chumbani. Tulimsikia nje akikaa chini.

Papa Sebagenzi aliniuliza, "Siku ile ulikunywa maziwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua nusu."

"Na siku ile ulipita na gari? Nilikuinulia mukono."

"Siku ile nilikuwa najua yote."

Alifunga macho. Nilitoa ile karatasi yenye jina lake, nikataka kuichana mbele yake. Aliposikia karatasi ikichakarika alifumbua macho tena.

"Usipasule," alisema. "Iko jina yangu. Peleka Goma, uisome mbele yao wote, kiisha useme ile umesema hapa. Sasa wende. Bibi yangu hawezi kuingia nyumba yake kama uko ndani."

Nilipita kando ya Mama Uwimana pale nje. Nilisema, "Mama." Hakuinua uso, na ilikuwa haki yake.

Huko Goma, mkutano wa wanachama uliitwa wiki ile ile. Nilisoma karatasi. Kisha nikasema yote, na jina la Papa Kambale, na la kwangu kabla ya lake. Yeye alisema nimeuza chama. Wengine walisema nimewaua wenye mashine safi pamoja na mwenye mashine chafu, na hawakukosea, kwa kuwa shirika lilikatiza ununuzi kwetu sote, na wapo watu waaminifu waliofunga milango mwaka ule. Niliivua kamba ya kashe shingoni, nikaiweka mezani. Hakuna aliyeigusa kwa muda mrefu.

Wachache waliobaki waliandika upya kanuni za chama, na Mama Masika alikuja kutoka Mubi kwa ajili ya kazi hiyo. Sasa shehena haitoki depo mpaka ifunguliwe mbele ya mtu aliyechaguliwa na wafugaji wenyewe. Wafugaji wa njia ya Kitchanga walimchagua Papa Sebagenzi. Wanachama walikuwa wamempa mtamba mmoja wa fidia, akampokea bila hotuba, akasema ni wa Mama Uwimana.

Alikuja Goma mara ya kwanza mkono wake wa kuume ukiwa umepona vibaya, haukunjiki. Mimi sikuwa tena sekretere. Nilikuwa nimeomba kazi ya kufungua na kushona mifuko, wakanipa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Alisalimia kila mtu katika depo kwa zamu, na zamu yangu ilipofika alinisalimia kama alivyowasalimia wengine, wala zaidi wala pungufu. Nilikata uzi wa mfuko. Akatia mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko, akatoa unga kutoka chini kabisa, akaunusa kwa muda mrefu.

"Ngine," alisema, nami nikavuta mfuko mwingine.

Nimejifunza kwamba kazi yote ya chama chetu ni hiyo, na inachukua muda mfupi zaidi kuliko kunywa kikombe cha maziwa. Mtu mmoja anatia mkono mfukoni kwa niaba ya mtu aliye mbali asiyeweza kuja. Mimi nilipewa kazi hiyo na watu walioniamini, nikaona ni nzito kwangu kukata uzi mmoja. Kila shehena ninakata. Papa Sebagenzi hunusa, mimi ninashona, na katika miaka yote hii hatujazungumza jambo lingine.